Chuo cha makasisi kilichoanzia pwani

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo kilichoko Limuru, nchini Kenya, hakikuanzia huko kwenye baridi na mashamba ya chai. Kilizaliwa mwaka 1903 huko Frere Town, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru.

Wakati huo pwani ilikwisha kuwa na wahudumu wake Waafrika. William Jones na Ishmael Semler, waliotekwa utotoni na kusomeshwa Nasik, India, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Jones ndiye aliyefuatana na askofu huyo katika safari ya Busoga, alikouawa mwaka huo huo, na ndiye aliyewarejesha wapagazi waliosalia hadi Rabai. Baada ya ushahidi kama huo, kungoja miaka 18 kabla ya kufungua chuo ni kuchelewa.

Mwaka 1930 chuo kilihamia Limuru. Mwaka 1955 Wapresbiteri na Wamethodisti waliungana na Waanglikana kukiendesha, na mwaka 2007 kikapewa hati ya chuo kikuu. Wanaosomea biashara sasa huketi humo pamoja na wanaosomea ukasisi.