Mrithi wa Wenge Ni Nani? Umbali na Hoja Katika Ushabiki wa Butembo na Beni

Mwishoni mwa mwaka 1997 Wenge Musica ilipasuka mjini Kinshasa. Kundi hilo, lililoanzishwa na vijana wa Bandalungwa mwaka 1981 na ambalo Didier Masela ndiye anayehesabiwa kuwa mwasisi wake, lilizaa kambi mbili kubwa. JB Mpiana alibaki na Wenge Musica BCBG, jina ambalo kundi zima lilikuwa likilitumia kabla ya ugomvi. Werrason, Masela na Adolphe Dominguez walikwenda kuunda Wenge Musica Maison Mère. Mwaka huohuo JB Mpiana alikuwa ametoa albamu yake binafsi, Feux de l'amour, na mafanikio ya albamu hiyo hutajwa mara nyingi miongoni mwa sababu zilizowachochea wenzake. Hadi hapo pande zote mbili hukubaliana. Ubishi huanza pale mtu anapouliza: nani alimwacha nani?

Swali hilo limebishaniwa Butembo na Beni kwa zaidi ya robo karne, kuanzia kwenye vibanda vya video, sokoni na vituo vya pikipiki hadi kwenye vyumba vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Wasomi wetu huupita ubishi huu kwa tabasamu. Ninaona unastahili kuchunguzwa, kwa sababu maelezo tuliyozoea kupewa kuhusu ushabiki wa muziki wa Kongo hayautoshi.

Maelezo hayo yalitengenezwa kwa kuitazama Kinshasa. Bob W. White, katika Rumba Rules (2008), ameonyesha jinsi uongozi wa bendi na kugawanyika kwake kulivyofanana na siasa za enzi ya Mobutu: mkubwa mmoja, wateja wengi, na njia ya kupanda kwa kijana mwenye kipaji ni kutoka na kufungua duka lake. Wengine huongeza mtaa na jimbo. JB Mpiana ni Mluba wa Kasai. Werrason ni mtu wa Bandundu. Kisha ikaja bia: Skol ya Bracongo ikasimama nyuma ya mmoja, Primus ya Bralima nyuma ya mwingine, na kwa miaka kadhaa chupa iliyokuwa mezani ilitosha kuonyesha kambi ya mnywaji. Juu ya hayo yote kuna mabanga, yaani majina ya watu yanayotajwa ndani ya wimbo kwa malipo au kwa matumaini ya malipo. Mkazi wa Kinshasa aliweza kumpenda Werrason kwa sababu alimwona akipita, au kwa sababu jina la mjomba wake lilikuwa ndani ya kanda.

Sababu hizo zikivushwa zaidi ya kilomita 1,500 hadi Kivu ya Kaskazini hupungua nguvu. Wakazi wengi wa Butembo na Beni ni Wanande. Kasai na Bandundu si kwao. Hawakuwa na mtaa wa kuutetea. Hawakuhudhuria mazoezi ya bendi yoyote, na ni wachache mno waliowahi kuzikanyaga kumbi za Kinshasa. Hata Kilingala cha nyimbo hizo, kwa wengi wao, kilikuwa lugha ya redio na ya wanajeshi. Walinunua na kuuza kwa Kiswahili, wakapumzika kwa Kinande. Hata hivyo walichagua kambi, tena kwa ukali. Kwa nini?

Dai langu ni kwamba umbali uliwalazimisha kutoa hoja. Aliyekosa ujamaa, ujirani na maslahi ya kuegemea hubaki na sababu, na shabiki wa Butembo aliyetaka kushinda ubishi alipaswa kueleza bendi ni kitu gani na hurithiwa vipi.

Wakati wenyewe nao ulichangia. Agosti 1998, miezi michache tu baada ya Wenge kugawanyika, chama cha waasi cha RCD kilizaliwa Goma. Mei 1999 nacho kikapasuka: Ernest Wamba dia Wamba akaondolewa uongozini, akajikita Kisangani, na baadaye tawi lake likawa RCD-K/ML, ambalo chini ya Mbusa Nyamwisi lilifanya Beni kuwa makao yake. Roger Lumbala akawa na RCD-National. Kila mmoja aliondoka na herufi zilezile tatu, akaongeza zake mkiani. Mstari wa vita ulikata barabara na mito ya kwenda magharibi, na mlango wa Beni na Butembo ukawa Kasindi, njia ya Uganda. Watu waliokuwa wakilipa ushuru kwa RCD moja huku wakisikia kwamba RCD nyingine ndiyo ya kweli hawakuhitaji kufundishwa kwamba jina linaweza kuwa na wenyewe wengi. Sisemi kwamba walizungumzia Wenge ili wakwepe kuzungumzia wakubwa wa vita. Huo ungekuwa ufasiri wa haraka, na unawadharau kwa kudhani kwamba muziki hauwezi kupendwa kwa ajili yake wenyewe. Nasema tu kwamba walikuwa na mazoezi ya kutosha ya swali lenyewe.

Kati ya hoja zao tatu, ya kwanza ni ya jina. Mashabiki wa JB Mpiana husema: aliyebaki na jina lilelile, bila kuongeza kitu, ndiye mwenye nyumba; anayehitaji kujitangaza kuwa ni nyumba mama (Maison Mère) anakiri kwamba ameshatoka. Ni hoja kali, lakini historia ya muziki wetu haiiungi mkono sana. African Fiesta ilipovunjika katikati ya miaka ya 1960, Rochereau alikuwa na African Fiesta National na Dokta Nico akawa na African Fiesta Sukisa, na hakuna anayeweza leo kusema mmoja wao alikuwa mwizi. Zaïko Langa Langa ilipogawanyika mwaka 1988, waliotoka walijiita Zaïko Langa Langa Familia Dei, na upande wa Nyoka Longo ukaona haja ya kuongeza Nkolo Mboka, mwenye nchi. Kumbe hata aliyebaki nyumbani huweza kuhitaji nyongeza. Nairobi nako, wanamuziki waliotoka Simba Wanyika mwaka 1978 waliunda Les Wanyika, na wapenzi wa rumba ya Kiswahili wamezihifadhi bendi zote mbili bila kuinyang'anya yoyote jina.

Hoja ya pili ni ya mwasisi. Masela alikwenda na Werrason; basi, wasema watu wa Maison Mère, mzizi ulihama na waliobaki walikuwa wapangaji. Hoja hii ilikuwa na nguvu kwa muda mfupi tu. Dominguez alijitenga akaanzisha Wenge Tonya Tonya, na Masela mwenyewe baadaye akawa na kundi lake jingine lenye jina la Wenge. Ikiwa uhalali hufuata mwasisi, ulimwacha Werrason siku Masela alipoondoka. Sijasikia shabiki wa Werrason aliyekubali kuifikisha mantiki hii mwisho wake. Mwaka 2004 mambo yakawa magumu zaidi, pale Ferre Gola, Bill Clinton Kalonji na JDT Mulopwe walipoihama Maison Mère na kuunda Les Marquis.

Ya tatu ndiyo iliyo tajiri zaidi, nayo ni ya sikio. Hapa umbali uliwapa mashabiki wa Kivu ubora ambao wa Kinshasa hawakuwa nao: walichokuwa nacho mkononi ni kanda, basi wakaisikiliza. Albamu za kabla ya mgawanyiko, kama Bouger Bouger, Kala-Yi-Boeing na Les Anges Adorables, zikawa ushahidi. Nani aliyeimba sehemu hii? Gitaa hili ni la Alain Makaba au la mwingine? Watu wasioshika kila neno la Kilingala walijifunza kutofautisha koo za waimbaji na mikono ya wapiga gitaa. Na walipokuwa wakisikiliza hivyo, waligundua jambo linalosumbua kambi zote. Ulaini wa kuimba, ile sehemu ya kwanza ya wimbo inayobembeleza, ulisikika zaidi kwa JB Mpiana. Moto wa sebene, ile sehemu ya pili ya kuchezwa, na kelele za atalaku, mhamasishaji wa bendi, ulisikika zaidi kwa Werrason, hasa baada ya Solola Bien ya mwaka 1999. Lakini gitaa la Makaba katika albamu hizo za zamani lilikuwa mali ya kundi zima. Basi urithi uligawanywa mahali pasipo na mpaka, na kila aliyedai nyumba nzima alikuwa na chumba kimoja.

Waingereza nao walikabiliwa na jambo la aina hii. Roger Waters aliondoka Pink Floyd mwaka 1985, akaenda mahakamani mwaka uliofuata kupinga wenzake kulitumia jina, na mwishoni mwa 1987 wakaelewana: jina likabaki kwa David Gilmour na Nick Mason. Sheria ilipata jibu. Mashabiki wao hawakulipokea, na wanabishana hadi leo, kwa sababu maelewano hayo yalimaliza swali la biashara huku wao wakiuliza nani aliibeba roho ya kazi ile. Sheria huweza kumpa mtu jina. Haiwezi kumpa sikio la msikilizaji.

Nitapingwa kwamba naupamba ubishi wa kawaida: kwamba vijana wa Beni walirudia tu maneno ya luninga za Kinshasa, na kwamba wengi walichagua kambi kwa sababu kaka zao walikwisha kuichagua. Lipo hilo, na wapo wengi wa namna hiyo. Ila kambi ya kurithi haimwondolei mtu wajibu wa kuitetea. Mwenye kaka yake alihitaji hoja mbele ya mwenye kaka mwingine, na huyo wa pili hakuweza kunyamazishwa kwa kabila, mtaa wala bia. Hoja zenyewe huenda zilitoka Kinshasa. Upimaji wake ulifanyika hapa.

Tarehe 30 Juni 2022, JB Mpiana na Werrason walisimama tena kwenye jukwaa moja, pamoja na Masela na wenzao wengine, katika uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa. Wakati huo Kivu ya Kaskazini ilikuwa imemaliza zaidi ya mwaka mmoja chini ya utawala wa kijeshi wa dharura uliotangazwa Mei 2021, na Beni ilikuwa ikizika watu wake tangu mauaji yalipoanza mwaka 2014. Tamasha likafuatiliwa kwa simu. Mtu angedhani kupatana kwa wenyewe kungemaliza kesi. Kulifungua nyingine: nani aliyemwendea mwenzake, jina la nani lilitangulia, na kama kundi lililorudi ni lile lililovunjika. Mashabiki walikuwa thabiti kuliko wanamuziki, jambo ambalo halinishangazi. Wanamuziki walikuwa na ugomvi, na ugomvi hupatanishwa. Mashabiki walikuwa na swali.

Vijana wa sasa wanabishania Fally Ipupa na Ferre Gola, na ubishi wao umebadilika asili. Fally alipotoka Quartier Latin ya Koffi Olomide mwaka 2006 hakuondoka na jina wala kudai nyumba. Alitoa Droit Chemin na kusimama kwa jina lake. Ferre naye, baada ya Les Marquis na kupita kwake Quartier Latin, alifanya hivyo. Hakuna kilichoachwa cha kurithi, kwa hiyo hapaulizwi tena nani mwenye haki. Huhesabiwa watazamaji wa video na ukubwa wa kumbi za Paris, na mzee anayeingilia kati kuuliza nani aliianzisha bendi hujibiwa kwa tarakimu.