Maji Shwari na Moyo Uliotulia: Kafi, Kimya na Zikiri katika Historia ya Ziwa Nyasa

Kitenzi kimoja, tulia, hutumika katika lugha yetu kwa maji, kwa mtoto anayelia, na kwa moyo wa mtu mzima. Neno shwari nalo ni neno la mabaharia. Lakini leo mtu aulizwapo habari za nyumbani hujibu kuwa ni shwari, hata kama hajapata kuiona bahari. Mwalimu wa Kiswahili aliye pwani akitaka kuyafafanua maneno haya hunyoosha kidole kuelekea majini. Mwalimu aliye Dzaleka, katika nyanda za juu za wilaya ya Dowa nchini Malawi, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, hana mahali pa kunyooshea kidole. Mbele yake mna vumbi, nyumba za udongo, na foleni ya ndoo kwenye kisima cha pampu. Hata hivyo wengi wa wanafunzi wake ni watoto wa watu wa ziwani. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi utulivu wa maji na utulivu wa moyo ulivyoambatana katika historia ya eneo hili, na kuuliza ni utulivu gani hasa tunaoufundisha.

Siku hizi kando ya Ziwa Nyasa, ambalo Wamalawi huliita Ziwa Malawi, wageni husimama juu ya ubao mpana alfajiri, hushika kafi ndefu, na kusogea polepole huku wakizihesabu pumzi zao. Huo, wasemavyo, ni mchezo na tafakuri kwa pamoja. Namna hiyo ya kusimama juu ya ubao ilitoka visiwa vya Hawaii, ikaenea duniani mwanzoni mwa karne hii. Lakini kafi yenyewe si ngeni hapa. Wachewa huiita nkhafi, na mtumbwi huuita bwato. Na neno ngalawa limo katika lugha yao pia, kwa maana ya chombo kikubwa cha majini. Wanafunzi wafahamishwe mapema tofauti ya kafi na kasia. Kasia huegemezwa ubavuni mwa chombo, na mvutaji huyapa mgongo mahali aendako. Kafi haiegemezwi popote. Hushikwa kwa mikono miwili, na mpigaji hutazama mbele. Kila pigo lina pumzi yake, na asiyepatanisha pumzi na pigo huchoka kabla ya kufika. Mvuvi wa ziwani amelijua jambo hilo tangu utoto wake, ingawa hakuliita tafakuri.

Yafaa tukumbuke, hata hivyo, kwamba shwari haikuwa na maana moja kwa watu wote. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Kiswahili kutoka pwani walipiga kambi Nkhotakota, upande wa magharibi wa ziwa, na kiongozi wao akajulikana kwa cheo cha Jumbe. Kutoka hapo pembe za ndovu na watumwa walivushwa kwa majahazi hadi ng'ambo ya mashariki, kisha wakafuata njia ndefu ya miguu hadi Kilwa. Biashara hiyo iliendelea hata Waingereza walipolitwaa eneo hili mwaka 1891, na utawala wa akina Jumbe ukavunjwa katika miaka michache iliyofuata. Sasa msomaji na atafakari. Mtumbwi huhitaji shwari, bali jahazi huhitaji upepo. Ziwa lilipotulia, nahodha alinung'unika kwa sababu tanga halikujaa. Lakini kwa mateka aliyefungwa ufuoni, shwari ile ile ilikuwa siku moja zaidi upande wa kwao. Kiswahili kilifika ziwani humo kwa majahazi hayo, na sisi tunaokifundisha hatuna haki ya kuificha habari hiyo.

Lakini njia iliyopelekea watu pwani ilirudisha kitu kingine. Tarika ya Kadiriya, iliyoenezwa Zanzibar na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, ilipenya bara hadi Nyasaland. Huko Nkhotakota aliyeieneza kuanzia mwaka 1929 hivi alikuwa mwanamke aliyetoka Zanzibar, Sheikha Mtumwa binti Ali bin Yusufu, aliyewaingiza wanawake wengi katika tarika hiyo hadi alipofariki mwaka 1958. Jina lake halihitaji maelezo ya mwalimu. Katika mji ambao watu walipakiwa chomboni wakiwa watumwa, mwanamke aitwaye Mtumwa alikuja kuwafundisha wanawake zikiri: kulitaja jina la Mungu kwa pumzi iliyopimwa, kiwiliwili kikienda mbele na kurudi nyuma, hata moyo utulie. Pumzi, mwendo wa mwili na kurudia: mambo hayo matatu ndiyo yale yale ya mpiga kafi.

Wala hapakukosekana ubishi. Kusini mwa ziwa, miongoni mwa Waislamu wa Kiyao, lilizuka kundi lililopinga zikiri ya sauti, bendera na ngoma, hasa katika mazishi. Likaitwa Sukuti, neno la Kiarabu lenye maana ya kunyamaza. Wafuasi wa tarika walisema moyo huamshwa kwa sauti. Wasukuti walisema marehemu asindikizwe kwa kimya. Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa hakika kimya hicho kilikuwa na mshindo, kwani kiligawanya misikiti na jamaa. Sisi hatuwi waamuzi wa jambo hilo. Tunalolitambua ni kwamba watu wa ziwa hili walijadiliana kwa dhati namna ya kuutuliza moyo, kizazi kizima na zaidi kabla ya ubao wa Hawaii kufika ufuoni.

Kuna utulivu wa namna nyingine. Kwa Kichewa, bata ni utulivu na amani. Mwanafunzi wa Kiswahili akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza hucheka, akimdhania ndege. Lakini katika utawala wa Dkt. Hastings Kamuzu Banda, uliodumu hadi mwaka 1994, nchi ilikuwa tulivu kwa sehemu kubwa kwa sababu watu waliogopa kusema. Dzaleka ilikuwa gereza walimowekwa wafungwa wa kisiasa. Jina lenyewe lina kitenzi cha Kichewa chenye maana ya kuacha, kikiwa katika wakati ujao, kana kwamba mfungwa anaahidi kuwa ataacha. Mwaka huo huo wa 1994 mahali hapo pakageuzwa makazi ya wakimbizi.

Makazi hayo yalikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000; leo yana zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na kanisani, na tamasha la sanaa lililoanzishwa humo mwaka 2014 liliitwa Tumaini. Vita vilipowaka mashariki ya Kongo mwaka 1996, watu wengi wa Uvira na Fizi walilivuka Ziwa Tanganyika kuelekea Kigoma. Kwao maji yaliyotulia yalikuwa ruhusa ya kuondoka. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, Lilongwe ikiwamo, warejee Dzaleka. Waliokuwa wamefungua maduka wakayafunga.

Basi, ndugu walimu, neno shwari tusilifundishe kama neno jepesi. Mwanafunzi anayejibu kuwa kwao ni shwari huenda anaficha zaidi ya anavyosema, na darasa lililo kimya si lazima liwe limetulia. Tumpe nafasi aeleze maji ya kwao yalikuwaje, upepo wake uliitwaje, na chombo chake kiliendeshwa kwa nini. Wazee waliovuka wapo, na msamiati wao wa majini utapotea wasipoulizwa, kwani Dowa hakuna mtumbwi wa kuukumbusha. Mvuta makasia hutazama alikotoka, na mpiga kafi hutazama aendako. Mtoto wa Dzaleka anahitaji kuyajua maneno yote mawili.