Haramu ni mtu au ni karatasi?

Ukisoma habari za Marekani kwa Kiswahili, hutakaa muda mrefu kabla ya kukutana na istilahi wahamiaji haramu. Anaitwa hivyo Mmexico aliyevuka mto Rio Grande usiku, na anaitwa hivyo hivyo Mkenya ambaye viza yake ya masomo imekwisha huku akiendelea kuhudumia wazee wagonjwa mjini Dallas. Sisi tunaotafsiri habari tumelizoea jina hilo kiasi kwamba vidole vinaliandika vyenyewe. Naona ni wakati wa kuliweka mezani, kwa sababu linamtwisha mtu hukumu ambayo sheria ya Marekani yenyewe haijaitoa, na pia linatufichia jambo ambalo Wamarekani wengi wanaona tabu kulitamka, yaani rangi.

Kwa Mswahili, haramu si kwenda kinyume cha sheria tu. Mwenzake ni halali, na yote mawili yalikuwa maneno ya dini kabla ya kuwa maneno ya polisi. Nyama ya nguruwe ni haramu kwa Mwislamu, na hakuna ofisi itakayoigongea muhuri ikawa halali. Tunasema pia silaha haramu, fedha haramu, pombe haramu, na hapo hakuna anayeumia, maana kinachohukumiwa ni kitu au tendo. Neno likimpanda mtu, mambo yanageuka. Mfano wa kale tulio nao ni mwanaharamu, mtoto anayebeba kosa ambalo hakulitenda. Waliotutangulia waliiona dhuluma hiyo, ndiyo maana wakatuachia methali kwamba kitanda hakizai haramu.

Kiingereza kina “illegal”, ambalo ni neno la sheria, kavu, lisilo na harufu ya dhambi. Hata hivyo, Aprili 2013 shirika la habari la Associated Press liliwataka waandishi wake waache kulitumia kumwelezea mtu, walibakize kwa tendo la kuingia au kuishi nchini bila ruhusa. Ikiwa wenye neno jepesi walisita, sisi wenye neno zito tunapaswa kusita zaidi.

Sheria inasemaje hasa? Kuingia Marekani kwa kukwepa ofisa wa mpakani ni kosa dogo la jinai, na kwa mara ya kwanza kifungo chake hakizidi miezi sita. Kuingia kwa viza halali kisha ukapitiliza muda si jinai, ni kosa la kiutawala. Mwaka 2012, katika kesi ya serikali kuu dhidi ya jimbo la Arizona, Jaji Anthony Kennedy alieleza kwa niaba ya walio wengi katika Mahakama Kuu kwamba, kwa kawaida, mtu anayestahili kuondolewa nchini hatendi jinai kwa kubaki tu. Tena kwa kuwa shauri la kumwondoa mtu si la jinai, serikali hailazimiki kumpa wakili. Watoto wadogo wamewahi kusimama mbele ya jaji wa uhamiaji bila mtu wa kuwasemea. Linapokuja suala la ulinzi anaopewa mshtakiwa, mtu huyu si mhalifu, lakini likija suala la kumwita jina, anakuwa haramu. Hilo linanichoma, na sidhani kama Kiswahili kinapaswa kulibariki.

Jinsi istilahi hii ilivyopata rangi bila kutaja rangi inaonekana vizuri ukirudi Machi 1929. Miaka mitano nyuma, sheria ya 1924 ilikuwa imegawa nafasi za kuingia Marekani kwa kufuata nchi ya asili. Ulaya ya Kaskazini na Magharibi ilipata fungu nono, Ulaya ya Mashariki na Kusini ikapunjwa, Waasia karibu wote wakafungiwa mlango. Mexico haikuwekewa idadi, kwa sababu wenye mashamba ya kusini-magharibi walihitaji mikono ya kuvuna. Mwaka huohuo 1924 kikosi cha doria ya mpakani kikaundwa. Ikabaki hoja mbili: Wazungu walioingia zamani bila kuandikishwa wafanywe nini, na Wamexico wanaoingia na kutoka kila msimu wafanywe nini?

Bunge lilijibu hoja zote mbili ndani ya siku mbili. Tarehe 2 Machi 1929 ilipita sheria iliyomruhusu mtu aliyefika kabla ya Juni 1921, ambaye kumbukumbu za kuingia kwake hazionekani, alipe dola 20, aonyeshe mwenendo mwema, aandikishwe kuwa mkaazi halali. Tarehe 4 Machi ikapita nyingine, iliyosukumwa na Seneta Coleman Blease wa South Carolina, mtetezi asiyejificha wa ukuu wa Wazungu. Hiyo ndiyo iliyofanya kuvuka mpaka kwa siri kuwe jinai kwa mara ya kwanza. Walionufaika na ile ya kwanza wengi wao walitoka Ulaya na Kanada. Waliojazwa magerezani kwa ile ya pili walikuwa Wamexico. Ukizisoma sheria zenyewe, hukuti mahali palipoandikwa Mzungu wala Mmexico. Mwaka uliofuata, sensa ya 1930 iliwaorodhesha Wamexico kuwa rangi inayojitegemea, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kabla na ambalo sensa ya 1940 ililiacha baada ya malalamiko mengi.

Historia hiyo haikuishia hapo. Kuanzia 1942 hadi 1964 Marekani ilikuwa na mpango rasmi wa vibarua kutoka Mexico, uliojulikana kama Bracero, na katika miaka yake ya kilele ulipokea zaidi ya watu 400,000 kwa mwaka. Mpango ukafutwa. Mwaka 1965 ikaja sheria mpya, iliyosifiwa kwa haki kwa kuondoa mafungu ya kibaguzi ya 1924, lakini ndiyo iliyoweka kwa mara ya kwanza kikomo cha idadi kwa nchi za bara la Amerika. Watu waliendelea kwenda kwenye mashamba yaleyale ya California na Texas, kuvuna mazao yaleyale, kwa matajiri walewale. Kilichobadilika ni kibali. Kundi kubwa la wale wanaoitwa leo haramu lilianzia hapo, kwa kura ya wabunge.

Halafu tazama Waairishi. Katika miaka ya 1980 maelfu ya vijana wa Ireland walipitiliza viza zao huko Boston na New York, wakifanya kazi za ujenzi, baa na kulea watoto. Kwa mujibu wa sheria walikuwa sawasawa na Mmexico yeyote aliyepitiliza viza. Wanasiasa wenye asili ya Ireland wakawapigania, na sheria ya 1990 ikaanzisha mpango wa viza wa kipindi cha mpito, ambamo asilimia 40 ya viza zilitengwa kwa ajili ya Ireland peke yake. Kutoka kwenye mpango huo ndiko ilikozaliwa bahati nasibu ya Green Card, ile ambayo kwa miaka mingi imewapanga foleni vijana wetu kwenye vibanda vya intaneti vya Nairobi na Kinshasa kila msimu wa kujaza fomu ulipofika. Sisemi Waairishi hawakustahili. Nasema tu kwamba jina la haramu halikuwaganda.

Kwa nini basi Mmarekani wa kawaida haoni urahisi wa kusema kwamba rangi imo ndani ya mjadala huu? Tangu sheria ya haki za kiraia ya 1964, kuonekana mbaguzi mbele za watu kumekuwa aibu. Ni hatua njema. Lakini aibu hiyo iliziba midomo bila kubadili mioyo yote, na mazungumzo yakahamia kwenye maneno yasiyo na uso: sheria, mpaka, foleni. Si kila anayetaja sheria anaficha rangi. Wapo Walatino na Wamarekani weusi wanaotaka mpaka ukazwe, na wanajua vizuri wanachosema. Tatizo ni kwamba lugha ya sheria inatosha kuwabeba wote wawili, mwenye hoja ya sheria na mwenye chuki, na ukiwasikiliza kwa nje huwezi kuwatofautisha.

Watafiti wa maoni wamebuni njia ya kulipita pazia hilo, na inafaa kuelezwa kwa utulivu. Wahojiwa hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza linasomewa orodha fupi ya mambo yasiyo na utata mkubwa na kuulizwa, unapinga mangapi? Hapaswi mtu kusema yapi, anataja hesabu tu. Kundi la pili linapewa orodha ileile ikiwa imeongezwa jambo moja, lile nyeti. Tofauti ya wastani kati ya makundi hayo inaonyesha ni wangapi wana msimamo fulani juu ya jambo nyeti, bila yeyote kulazimika kulitamka. Alexander Janus alitumia mbinu hiyo kuuliza kuhusu kufungia uhamiaji Marekani, na mwaka 2010 akachapisha matokeo: wanaotaka mlango ufungwe walikuwa wengi kuliko wanaokiri wanapoulizwa moja kwa moja, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa wasomi wa chuo na wenye siasa za kiliberali. Yaani waliojifunza vizuri zaidi nini kisisemwe ndio waliokificha zaidi.

Na tukiamua kuitaja rangi, mtafsiri anagonga mwamba wa pili: neno “race” tulitieje katika Kiswahili? Tumezoea rangi, na ubaguzi wa rangi unaeleweka hadi kijijini, ingawa kwa watu wa rika fulani unawapeleka moja kwa moja Afrika Kusini ya makaburu. Lakini rangi ya ngozi haitoshi kumweleza Mlatino, ambaye anaweza kuwa mweupe, mweusi au wa asili ya Wahindi Wekundu. Kwa miongo mingi sensa ya Marekani iliuliza Ulatino katika swali la pembeni, mbali na swali la rangi, na uamuzi wa kuyaunganisha maswali hayo ulitolewa 2024 tu. Mimi naandika rangi pale watu wanapobaguliwa, kwa kuwa ndivyo ubaguzi unavyotajwa kwetu, na asili pale hati inapozungumzia anakotoka mtu au ukoo wake. Kabila siliandiki kabisa kwa Wamarekani. Kabila kwetu lina lugha yake, mila zake na mahari zake, na kuwaita Mguatemala mwenye shahada na mjukuu wa watumwa wa Alabama makabila ni kuwapotosha wasomaji.

Yuko atakayeuliza kama maneno yana uzito kiasi hicho. Ni swali la haki. Mwaka 2013 Jennifer Merolla na wenzake walijaribu kubadilisha neno la mhamiaji ndani ya maswali ya utafiti, na wakaona maoni ya Wamarekani kuhusu sera hayasogei sana. Kilichoyasogeza ni jinsi sera yenyewe ilivyoitwa: ukiiita msamaha, watu wanaikataa zaidi kuliko ukiiita njia ya kupata uraia. Nakubali, basi, kwamba mhariri wa Dar es Salaam akiacha kuandika haramu hatabadili kura Ohio. Sababu yangu ni nyingine. Istilahi kazi yake ni kusema kilichopo, na hii inasema kisichokuwepo.

Tena tunajua kusema vizuri tukitaka. Kijana wa kwetu akijificha kwenye meli akaenda kushukia Ugiriki, mtaani anaitwa mzamiaji, na ndani ya neno hilo mna ujasiri. Ndugu aliyeko Minneapolis akiwa hana kibali tunasema hana makaratasi, au makaratasi yake hayajakaa sawa, kwa sauti ya huruma. Haramu tunamwekea mgeni. Mwaka 2013, Tanzania ilipoendesha msako ulioitwa Operesheni Kimbunga, neno hilo liliwaangukia maelfu ya watu wa Kagera, Kigoma na Geita, wakiwemo walioishi Tanzania kwa miongo na kuzaa watoto huko, wakarudishwa Rwanda na Burundi. Wengine hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya huko walikoambiwa ni kwao.

Pendekezo langu ni mhamiaji asiye na kibali. Asiye na hati halinitoshi, kwa sababu hati anazo: pasipoti ya nchi yake, mara nyingi namba ya mlipakodi inayotolewa na mamlaka ya kodi ya Marekani tangu 1996, na kama anakaa California, leseni ya udereva. Anachokosa ni kimoja, kibali cha kuishi. Katika hadithi, mahojiano na mazungumzo, asiye na makaratasi linafaa zaidi, maana ndivyo wenyewe wanavyosema. Na rais au mbunge akisema haramu, aandikwe kama alivyosema, ndani ya alama za kunukuu, neno libaki kuwa lake.

Chukua mfano mmoja wa mwisho. Tarehe 8 Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ilisimamisha amri ya mahakama ya chini iliyokuwa imewazuia maofisa wa uhamiaji huko Los Angeles kusimamisha watu kwa kuangalia tu mambo manne: asili au rangi inayoonekana, kuzungumza Kihispania au Kiingereza chenye lafudhi, mahali alipo mtu kama kituo cha basi au sehemu ya kuoshea magari, na aina ya kazi anayofanya. Jaji Brett Kavanaugh, akiunga mkono, alisema asili peke yake haitoshi lakini inaweza kuwa sababu mojawapo. Jaji Sonia Sotomayor alipinga kwa maneno makali. Miongoni mwa waliofungua kesi walikuwemo raia wa Marekani. Mwandishi wa Kiswahili anayeweka kichwa cha habari kwamba wahamiaji haramu wanasimamishwa Los Angeles anakosea, kwa sababu wakati mtu anaposimamishwa, ofisa hajaona kibali wala ukosefu wake. Ameona uso, amesikia Kihispania. Kichwa sahihi kitasema watu wanaofanana na Walatino, na neno rangi litaandikwa katika aya ya kwanza.