Kodi ya majengo Dar es Salaam: kutoka kibanda hadi LUKU

Anayenunua umeme wa LUKU kwa mara ya kwanza katika mwezi hupata uniti pungufu kidogo. Kwenye ujumbe wa malipo, pamoja na VAT na tozo za EWURA na REA, kuna makato ya shilingi 1,500. Hiyo ndiyo kodi ya jengo, na asili yake ni ya zamani kuliko umeme wa Dar es Salaam.

Wajerumani walianza kutoza nyumba na vibanda kwa amri ya mwaka 1897. Kibanda cha shamba kilidaiwa rupia 3, nyumba ya mjini zaidi. Karani alihesabu mapaa, basi.

Kutoza kwa thamani kulikuja na serikali za miji. Dar es Salaam ikawa manispaa mwaka 1949. Halmashauri zikafutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria ya mwaka 1983 ikazipa mamlaka ya kutoza majengo kwa thamani yake. Wazo lilikuwa zuri: mwenye jengo la maana alipe cha maana. Lakini thamani haijiandiki. Mthamini lazima afike, apime, akague ukuta na bati, kisha jengo liingie kwenye daftari. Wathamini walikuwa wachache na mji ulikua bila kuwasubiri, hasa kwenye mitaa isiyopimwa.

Kariakoo inaonyesha fedha ilipokuwa ikijificha. Nyumba ya Kiswahili ya pale ilikuwa na baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, choo na jiko uani. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Kuanzia miaka ya 1990 nyumba hizo zilianza kubomolewa kwa kasi, moja baada ya nyingine, zikapanda ghorofa: maduka chini, stoo na makazi juu. Kiwanja ni kilekile, ila kodi inayoweza kutoka humo si ileile tena.

Nani aikusanye? Hilo nalo limezungushwa sana. Mamlaka ya Mapato (TRA) ilipewa kazi hiyo Dar es Salaam mwaka 2008, halmashauri zikarudishiwa, kisha Julai 2016 TRA ikaichukua tena. Mwaka 2018 uthamini ukawekwa kando kwa viwango vya mkupuo: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Agosti 2021 kodi ikahamia kwenye mita: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa sakafu au apatimenti yenye mita yake. Mwaka 2023 viwango hivyo vikawa 1,500 na 7,500.

Wapangaji walilalamika papo hapo, na walikuwa na haki. Kisheria mdaiwa ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Serikali ikajibu kwamba wazikate fedha hizo kwenye pango. Nadhani aliyetoa jibu hilo hajawahi kupanga chumba Manzese.

Sasa piga hesabu ya kiwanja. Tuseme nyumba ya vyumba sita yenye mita moja imepisha jengo la sakafu sita, kila sakafu apatimenti mbili zenye mita zake. Mita 12 kwa 7,500 ni shilingi 90,000 kwa mwezi, mara 60 ya zile 1,500 za mwanzo, na barabara ya mbele ni ileile. Upande wa Goba na Mbagala mji unatambaa nyumba moja moja. Kila familia mpya inataka barabara, bomba na mtaro, na inaleta 18,000 kwa mwaka.

Ila mita haioni thamani. Jumba la kifahari la Masaki lisilo na ghorofa, lenye bwawa la kuogelea na bustani, hukatwa 1,500 sawa na nyumba ya vyumba sita ya Tandale. Apatimenti inayotazama bahari hukatwa 7,500 sawa na ile inayotazama ukuta wa jirani. Na kiwanja kilichozungushiwa uzio katikati ya jiji, kikisubiri bei ipande, hakina jengo wala mita. Hicho hudaiwa pango la ardhi tu.