Thumni ya Kasongo na Vipeo Hasi

Mji wa Kasongo, makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, ulitekwa na jeshi la Dhanis mwezi wa Aprili 1893. Kabambare, kituo cha njia ya kwenda Ujiji, kilifuata Januari 1894. Utawala wa waungwana ukakoma. Kiswahili na Uislamu vikabaki, na pamoja navyo hesabu ya mirathi: nusu, robo, thumni.

Maneno hayo matatu ni vipeo hasi vya 2. Nusu ni 2⁻¹, robo ni 2⁻², thumni ni 2⁻³. Wengi wanaoanza aljebra hudhani kuwa 2⁻³ ni −8, kana kwamba alama ya hasi ni deni. Sivyo: kipeo hasi hugawanya, hakidai. Mume akifa akaacha watoto, mkewe hupata thumni. Wakiwa wake wanne, hugawana thumni hiyohiyo. Fungu la kila mmoja ni 2⁻³ × 2⁻², na kwa kuwa vipeo hujumlishwa, ni 2⁻⁵. Katika mbuzi 32, ambao ni 2⁵, kila mjane hupata 2⁵ × 2⁻⁵ = 2⁰, yaani mbuzi mmoja. (Mirathi halisi ni nadra kugawanyika kwa wepesi huo.) Badala ya 2 ikiwekwa x, kanuni haibadiliki: x⁵ × x⁻³ = x².

Ukaribu huu si wa bahati tu. Kitabu cha al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad karne ya 9 na kilichoipa aljebra jina lake, kina sehemu kubwa juu ya wasia na mirathi. Al-Karaji aliziweka x, x², x³ pamoja na 1/x, 1/x², 1/x³. Katika karne ya 12 al-Samaw'al akazipanga katika jedwali, huku na huku ya moja, akaonyesha jinsi ya kuzizidisha kwa kuhesabu hatua. Alama ya kipeo hasi kama iandikwavyo leo ilienea baada ya Newton kuitumia mwaka 1676.

Neno kipeo limo katika vitabu vya shule vya Tanzania. Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa. Kijana wa Kabambare aliyesikia thumni nyumbani, siku baba mkubwa alipogawa urithi, hukutana nayo tena darasani chini ya jina jingine, wala hakuna amwambiaye kuwa wamekwisha kujuana.