Mtu Atanguliaye

Katika Usukuma wetu wazee walijua jambo moja juu ya sanaa kabla shule hazijaja. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu walipokutana kushindana kwa ngoma, hapakuwa na mwamuzi mwenye karatasi. Kila upande ulicheza mahali pake, na watazamaji walikuwa huru kwenda huku au huko. Upande uliopata watu wengi ndio ulioshinda. Kwa hiyo manju, ambaye sisi twamwita ningi, hakuweza kurudia wimbo wa mwaka jana akatumaini kushinda. Ilimpasa kuleta neno jipya, la sivyo aliachwa peke yake na ngoma zake.

Yafaa tuyakumbuke hayo, maana siku hizi twapenda kusema ya kuwa mtu aletaye jambo jipya katika sanaa ameiga Wazungu, au ana kiburi, au ana wazimu kidogo. Leo nataka kueleza tabia ya mtu wa namna hiyo kwa habari za mmoja aliyezaliwa katika ziwa letu hili hili, katika kisiwa cha Ukerewe.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kikerewe. Kiswahili alijifunza, kama tulivyojifunza wengi wetu. Alisoma katika seminari ya Kikatoliki, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1970. Wakati ule kanuni za ushairi zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alizipanga katika kitabu chake cha mwaka 1954: mstari uwe na mizani 16, yaani 8 na 8, na vina vilingane katikati na mwisho. Mwanafunzi aliyejua kuhesabu mizani alihesabiwa kuwa ameanza kujua ushairi.

Basi mwaka 1974 Kezilahabi akatoa kitabu kiitwacho Kichomi. Humo mashairi mengi hayakuwa na vina wala mizani ya kuhesabu. Mstari mmoja mrefu, mwingine mfupi, na maneno ni yale watu wasemayo kila siku. Watunzi wengi wa mapokeo wakaudhika. Walisema hayo si mashairi bali ni guni, na ya kuwa vijana wa bara wanaharibu urithi wasioujua. Ugomvi huo ukaendelea miaka mingi. Mwaka 1976 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa diwani yao, Malenga wa Bara, nao wakasimama upande wa ushairi huru. Huyo Kahigi ndiye ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Bukombe, jirani zetu.

Sasa tuitazame tabia ya mtu huyu atanguliaye. Jambo la kwanza ni kwamba anayajua ya kale. Kezilahabi hakuacha njia ya wakubwa wake kwa sababu ilimshinda. Mwaka ule wa 1976 alimaliza utafiti wa shahada ya pili juu ya riwaya za Shaaban Robert, tena alimsoma kwa bidii kuliko wengi waliomsifu kwa midomo tu.

Jambo la pili, hawezi kusema kwa kinywa cha mwingine. Sikio lake humkataza. Na hapa yafaa tujiulize, huo ushairi usio na vina ulikuwa mgeni kwa nani? Sikilizeni wimbo wa kulima wa Kisukuma. Haufuati vina, wafuata jembe na pumzi ya mkulima. Basi kilichoitwa kipya katika vitabu kilikuwa cha kale mashambani petu. Mara nyingi mtu atanguliaye huchukua kitu kilichodharauliwa nyumbani, akakiweka mezani mbele ya wageni.

Jambo la tatu, anavumilia kukataliwa. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ya mwaka 1971, yasimulia msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali bila mashauri, akaharibika alipokuwa mbali na kwao. Kitabu kilizuiwa mashuleni, na baadaye kikaja kufundishwa humo humo. Mwandishi hakuacha kuandika. Alifundisha Dar es Salaam, na baadaye Botswana, akafariki Januari 2020.

Hata hivyo tusimsifu kupita kiasi. Vitabu vyake Nagona cha mwaka 1990 na Mzingile cha mwaka 1991 ni vigumu, na wasomaji wengi huviweka chini kabla ya kuvimaliza. Atanguliaye sana huweza kupotea machoni pa wenziwe. Wala si kila avunjaye kanuni ni mtangulizi. Wengine ni wavivu tu.

Nimeandika haya kwa sababu nina deni. Mwaka mmoja mvulana wa darasa langu aliniletea shairi juu ya ng'ombe wa baba yake waliokufa kwa ukame. Halikuwa na vina. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika: "Hili si shairi." Sikumwuliza neno. Hakuniletea tena utungo wowote, na sasa yuko machimboni huko Geita. Nakumbuka tu ya kuwa aliwataja ng'ombe kwa majina yao, mmoja mmoja, kama baba yake alivyowaita jioni. Sasa naona ya kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa mizani yake.

Basi, wazazi na walimu wenzangu, mtoto akileta jambo lisilo na mfano, tusimhukumu upesi. Tumwulize kwanza, "Je, njia ya wakubwa waijua?" Kama haijui, tumfundishe kwa upole. Kama aijua na bado moyo wake wamsukuma kwingine, tumwache atangulie, nasi tumfuate kwa macho tuone afika wapi. Bwana wetu naye alinena habari za divai mpya na viriba vipya. Tujihadhari tusije tukaimwaga kwa mikono yetu wenyewe.