Hija ya Wasio na Nauli: Kutoka Bukoba Hadi Namugongo kwa Miguu

Kila mwaka Pasaka ikishapita, watu wa jumuiya yetu huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, safari hii Namugongo ni shilingi ngapi?" Mimi ndiye mweka hazina wa hija, kazi niliyopewa kwa sababu nimestaafu ualimu na nina sifa ya ubahili ambayo sijawahi kuikanusha. Jibu langu huwakera. Nawaambia kabla ya kutaja shilingi wanitajie parokia. Kutoka Bukoba mpaka Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, ni zaidi ya kilomita 300, na anayezipigia hesabu kwa bei za hotelini na vitanda vya gesti ataishia kupanda basi. Tangu zamani, waliopita njia za kwenda Buganda na mali waliilipia kila hatua, na waliopita mikono mitupu walivushwa na wenyeji.

Tuanze na wenye mali. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifunga safari kutoka Bagamoyo kwenda Buganda. Waanglikana walikuwa wamewatangulia karibu miaka miwili kwa mlango huohuo wa Zanzibar na pwani. Mzigo wa pagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30, na mizigo mingi haikuwa vitabu wala vyombo vya misa. Ilikuwa majora ya vitambaa, shanga na nyaya, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Kila mtemi alitaka hongo yake kabla msafara haujavuka nchi yake, na pagazi naye alitaka posho. Wakafika kusini mwa Ziwa Victoria wamechoka, mali imepukutika. Tarehe 17 Februari 1879, Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans wakashuka kwenye mtumbwi pale Kigungu, karibu na Entebbe ya leo. Mimi nikisoma habari za misafara ile siangalii sana ushujaa, naangalia matumizi. Nani aliwaruhusu kubeba vitu vyote vile?

Miaka 13 baadaye njia ilipitwa na watu wa namna nyingine. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana Mengo, na Kapteni Lugard akawaunga mkono Waprotestanti kwa bunduki zake za Maxim. Wakatoliki wakakimbilia visiwani, kisha Buddu, na wengine wakavuka kuingia Kiziba, ambako wakati huo kulikuwa chini ya Wajerumani. Askofu Hirth alikuwa miongoni mwao. Mwisho wa mwaka huohuo ikaanzishwa misheni ya Kashozi, kaskazini ya Bukoba, na upande wa Buddu ikaanzishwa Villa Maria, nje kidogo ya Masaka. Ukichora mstari kutoka Kashozi hadi Villa Maria, ukaurefusha mpaka Rubaga, Kampala, umepata karibu njia yetu yote ya hija. Kwa hiyo parokia tunazolala zimerithi misheni zilizofunguliwa na watu waliokimbia, na mhujaji maskini anaweza kulala kanisani kilomita 300 mfululizo bila kulipa.

Ndiyo maana mpango wangu huanza na barua. Paroko wetu anatoa barua ya utambulisho yenye muhuri, nami naandika nakala kwa kila parokia ya njiani: tutafika lini, wanawake wangapi, wanaume wangapi, wazee wangapi, nani ana kisukari. Mwisho naweka mstari ambao siubadilishi: hatuombi chakula, tunaomba sakafu, maji na kuni. Barua zinatoka mapema, kabla Kwaresima haijaisha, na wiki moja kabla ya safari nawapigia simu makatekista. Paroko anaweza kuhamishwa katikati ya mwaka. Katekista yupo, na ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi.

Halafu ndipo tunafika kwenye fedha. Kila mhujaji anaweka kidogo kidogo kila Jumapili baada ya misa, na jina lake linaandikwa kwenye daftari. Fedha hizo zina kazi chache tu: hati ya dharura ya kusafiria kwa asiye na pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa asiyekuwa nayo, unga na maharage, dawa, na nauli ya kurudi. Mtu akitaka soda atumie yake. Vijana huja na wazo la kukodi Noah itufuate na mizigo. Nawauliza hiyo Noah inakwenda kuhiji au kutusimamia? Masufuria yanabebwa kwenye baiskeli mbili zinazosukumwa kwa zamu, na kila mtu anabeba blanketi lake.

Viatu ni mjadala wa kila mwaka. Raba mpya za mtumba zinapendeza siku ya kwanza. Siku ya tatu kisigino kimejaa malengelenge. Mimi natembea na katambuga za tairi nilizozivaa miezi miwili kabla, na soksi nzito ndani. Wanaonicheka pale Bukoba huniomba mafuta ya mgando tukifika Kyotera.

Kuna mzigo mmoja ninaouruhusu nje ya orodha, nao ni kahawa ya kutafuna. Kwetu buni huchumwa ikiwa bado mbichi, ikachemshwa pamoja na majani ya harufu, ikaanikwa juani mpaka ikakauka na kuwa nyeusi. Ukiitafuna njaa inakaa mbali na usingizi unakimbia. Ina kazi nyingine pia. Baganda nao wana desturi hiyo ya kumkaribisha mgeni kwa kahawa, na pande zote mbili za mpaka watu waliofanya udugu wa damu waligawana buni moja: ndani mna punje mbili, huyu akala moja na mwenzake ya pili. Tukifika parokia, kabla ya kuoga, mzee wetu anampa katekista kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba. Sijaona zawadi ya bei ndogo inayofungua milango kama hiyo. Lakini viwe vifurushi vidogo, maana kahawa na mpaka wa Mutukula wana kesi ndefu ya magendo, na hakuna afisa atakayeamini kwamba gunia zima ni la sala.

Tunaondoka katikati ya Mei, masika bado haijakwisha. Siku za kwanza ni kwetu: migomba, matope mekundu, watoto wanatusindikiza. Kyaka ndipo wazee husimama. Daraja la mto Kagera lililokuwa hapa lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwanzoni mwa Novemba 1978, walipolivamia eneo la kaskazini ya mto. Miongoni mwetu hakosi mtu ambaye familia yake ilikimbia wakati ule, na anayebeba rozari leo anaonyesha kwa kidole mahali walipovukia na godoro kichwani. Vijana wanataka kupiga picha waendelee. Huwa nawaambia wakae wasikilize, mapumziko haya ni bure.

Kutoka Mutukula mbele, barabara tunayoifuata ndiyo iliyofuatwa na Jeshi la Wananchi mwaka 1979, na sehemu kubwa ya askari wale walikwenda kwa miguu kama sisi. Mutukula ilichukuliwa Januari. Masaka ilichukuliwa Februari, na mji ule ukabomolewa vibaya kwa mizinga, kulipiza yaliyotendwa Kagera. Mtanzania anayeingia Masaka na kuomba mahali pa kulala anapaswa kulijua hilo. Mara moja, tukiwa kwenye ukumbi wa kanisa huko, bibi mmoja wa Kiganda aliyetuletea matoke alimuuliza mzee wetu kama alikuja na wale wa 1979. Mzee akajibu, "Nilikuja, mama. Nilikuwa mgambo." Bibi akamwongezea mchuzi, akaketi karibu naye, wakazungumza kwa Kiswahili cha kuungaunga mpaka taa zikazimwa. Mimi nilikuwa nahesabu sahani, sikuyasikia yote.

Mbele ya Masaka kuna Lukaya na kinamasi cha Lwera. Barabara imeinuliwa juu ya tope, mafunjo kushoto na kulia, malori ya mchanga yanapita yakikupiga upepo. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Machi 1979 palipiganwa hapa. Jeshi la Amin likisaidiwa na Walibya liliwarudisha Watanzania nyuma kwanza, kisha Watanzania wakazunguka na kulivunja. Kwa mhujaji Lwera ni tatizo la namna nyingine: hakuna kivuli, hakuna kanisa karibu, na hakuna pa kujisitiri. Tunaivuka kuanzia saa tisa usiku, katika mstari mmoja, wa mbele na wa nyuma wakivaa fulana za kung'aa tulizoazima kwa waendesha bodaboda. Lukaya wanauza kuku wa kuchoma na gonja kando ya barabara, na moshi wake umenipotezea wahujaji wengi kwa nusu saa nzima.

Kayabwe tunaivuka Ikweta. Mpambire, kabla ya Mpigi, tunapita kwa mafundi wa ngoma, na kila mwaka kuna anayetaka kununua. Kampala siielezi, ni kelele, foleni na kuhesabu watu kila kona.

Kabla ya Namugongo tunapindia Munyonyo, kwa sababu hija yenyewe ilianzia pale. Kabaka Mwanga wa Pili aliwahukumu vijana wa ikulu yake Wakristo mwishoni mwa Mei 1886. Andrea Kaggwa na Denis Ssebuggwawo waliuawa palepale Munyonyo. Waliobaki walifungwa kamba wakaswagwa kwenda Namugongo, mahali pa kunyongea pa jadi, na njiani wengine waliuawa mmoja mmoja: Ponsiano Ngondwe, Athanasius Bazzekuketta, Gonzaga Gonza. Mathias Mulumba, mtu mzima mwenye cheo, alikatwa viungo kwenye kilima cha Kampala na kuachwa hapo afe polepole. Waliofika walikaa kifungoni siku kadhaa huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni wakaviringishwa kwenye mikeka ya matete na kuchomwa, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Karoli Lwanga alikuwa ametengwa na kuchomwa peke yake, moto ukianzia miguuni. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa kulelewa wa Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, ambaye alimsihi akane. Alipokataa, wakampiga shingoni afe kabla ya moto. Habari hizi tunazo kwa sababu vijana watatu walisamehewa wakiwa tayari Namugongo. Mmoja wao, Denis Kamyuka, aliishi kueleza aliyoyaona.

Watakatifu 22 wa Kikatoliki walitangazwa na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964, naye akaja Uganda mwenyewe mwaka 1969, Papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga Afrika. Basilika, yenye nguzo 22 za shaba na umbo la nyumba ya msonge, ilizinduliwa 1975. Tangu hapo umati umekua, na anayechelewa halali ndani ya uzio. Sisi Watanzania tuna sababu nyingine ya kuwahi: imekuwa desturi tarehe 1 Juni kusali pale kwa ajili ya Mwalimu Nyerere, ambaye mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulifunguliwa 2005.

Kuna jambo halisemwi sana kwenye mahubiri, nami nalipenda. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa akakimbia kwa mtumbwi kuelekea kusini mwa ziwa. Mwishowe alipata hifadhi Bukumbi, si mbali na Mwanza ya leo, kwa Mapadre Weupe walewale ambao wanafunzi wao aliwachoma moto miaka miwili kabla. Wakampa mahali pa kukaa. Na mwaka 1892, aliposhindwa pamoja na Wakatoliki, alikimbilia huku kwetu, upande wa Bukoba. Aliishia uhamishoni Shelisheli, akafa huko 1903. Wenzangu wengine hawapendi nikiisimulia hadithi hii usiku wa tarehe 2 Juni. Mimi naona hakuna mahali panapoifaa zaidi.

Nauli ya kurudi nayo ina utaratibu wake. Hakuna anayerudi kwa miguu. Sherehe ikiisha miguu nayo imeisha. Fedha hiyo siishiki mimi. Inakaa kwa mama mmoja muuza dagaa sokoni, ambaye paroko mwenyewe akimkopa anaandikishwa, na ameishona ndani ya kitenge. Lukaya watu humzunguka kwa maneno matamu kwa ajili ya wale kuku, naye hajawahi kutoa hata mia.

Jumapili tunaporudi nasoma hesabu mbele ya kanisa, mpaka bei ya kiberiti. Kinachobaki hakigawanywi. Kinanunua maharage ya mwaka unaofuata, kwa wahujaji wa Muleba na Biharamulo wanaopita kwetu wakielekea kaskazini. Nao barua yao husema hawaombi chakula.